Mama amepata alama 67: ni nzuri au mbaya?

SWALI: Shikamoo sista. Mama yangu ana miaka 58, anaugua saratani ya shingo ya kizazi. Tumetoka Kilosa, tumefikia kwa shangazi Mbagala, na sasa yuko wiki ya tatu ya mionzi. Aliombwa kushiriki utafiti wa "ubora wa maisha". Dada mmoja akamsomea maswali 30 na mengine ya ziada, mimi, mwanawe wa kiume, nikiwa nimekaa pembeni. Karibu kila swali mama alijibu "hapana" au "kidogo tu", wakati usiku halali kwa maumivu ya kiuno na mimi namsikia. Nilipouliza matokeo nikaambiwa, "Amepata 67." Ni nzuri au mbaya? Kipimo gani hiki kisichochukua damu wala picha, na kinamsaidia nani? Safari ijayo nimjibie mimi? Na mama akikataa kuendelea, watamsimamishia mionzi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuuguza.

Nianze na la mwisho, maana nahisi ndilo lililokukaa rohoni. Hapana, mionzi haitasimamishwa. Utafiti kwa wagonjwa hauruhusiwi kuanza bila kibali cha maadili, kwa Tanzania kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, au kamati ya maadili inayotambulika. Fomu ya ridhaa ambayo mama alitia saini au dole gumba inatakiwa iseme wazi kwamba anaweza kujitoa siku yoyote, bila kutoa sababu na bila tiba yake kuguswa. Kama hamkupewa nakala ya fomu hiyo, iombeni. Ina namba ya simu ya mtafiti mkuu, na mtaihitaji, nitaeleza kwa nini.

Sasa hiyo 67. Ikitajwa peke yake haina maana yoyote, na aliyekutajia bila kukueleza ni alama ya nini amekuacha njiani.

Kwa maelezo yako naona dodoso lenyewe, yaani ile orodha ya maswali, ni QLQ-C30, lililotengenezwa na shirika la Ulaya la utafiti na tiba ya saratani, EORTC, na kuchapishwa mwaka 1993. Limetafsiriwa katika lugha zaidi ya 100, na la Kiswahili lipo. Yale maswali ya ziada huenda yalikuwa CX24, maswali 24 ya saratani ya shingo ya kizazi. Katika QLQ-C30, maswali 28 yana majibu manne, kutoka 1 ambayo ni "hapana kabisa" hadi 4 ambayo ni "sana". Mawili ya mwisho, moja la afya kwa jumla na moja la maisha kwa jumla, yanajibiwa kwa namba 1 hadi 7. Majibu hayo hayajumlishwi kupata alama moja kama mtihani wa darasa la saba. Yanagawanywa katika mizani 15 tofauti, kila mmoja na alama yake kati ya 0 na 100. Mitano inapima uwezo wa mgonjwa: mwili wake, kazi zake, moyo wake, akili na kumbukumbu, na maisha yake na watu. Tisa inapima matatizo: uchovu, kichefuchefu, maumivu, pumzi, usingizi, hamu ya kula, kukosa choo, kuharisha, na fedha. Mmoja uliobaki ni hali ya jumla.

Shika kalamu tufanye hesabu pamoja. Chukua yale maswali mawili ya mwisho. Mama akisema 5 na 5, wastani ni 5. Toa 1, inabaki 4. Gawa kwa 6, zidisha mara 100, unapata 67. Hapo ni mtu anayeona hali yake ni ya kuridhisha. Nenda kwenye maumivu, ambayo nayo yana maswali mawili: je, uliumwa, na je, maumivu yalikuzuia shughuli zako? Akijibu 3 na 3, wastani ni 3. Toa 1, gawa kwa 3, zidisha mara 100: 67 tena. Huyu ni mwanamke anayeteseka. Kwenye uwezo wa kufanya kazi zake hesabu inageuzwa, kwa hiyo akijibu "kidogo" kwa maswali yote mawili ya pale amepoteza theluthi moja na amebaki na 67. Namba ile ile, watu watatu tofauti kabisa. Kwenye uwezo na hali ya jumla, alama ikipanda ni heri. Kwenye matatizo, ikipanda ni shari. Kwa majibu aliyotoa mama mbele yako, nadhani 67 yake ilikuwa ya hali ya jumla, lakini usibaki na kudhani kwangu. Uliza ni ya mizani upi.

Kuna jingine la kuuliza: imetoka wapi hadi kufika hapo? Mwaka 1998 David Osoba na wenzake walilinganisha alama za wagonjwa na yale ambayo wagonjwa wenyewe walisema kuhusu mabadiliko yao. Alama ikisogea kati ya 5 na 10, mgonjwa alisema amebadilika kidogo. Kati ya 10 na 20, kiasi cha wastani. Ikizidi 20, amebadilika sana. Kwa hiyo kwenye hali ya jumla mama akishuka kutoka 83 hadi 67 amepoteza kitu anachokihisi mwilini, hata kama 67 yenyewe kwenye karatasi inaonekana ya heshima.

Umeniuliza ni kipimo gani kisicho na damu wala picha. Ni kipimo kamili, kilichojaribiwa kwa wagonjwa, ila chombo chake ni mdomo wa mgonjwa. Picha itaonyesha uvimbe umepungua. Haitaonyesha kwamba mwenye uvimbe ameshindwa kwenda kanisani au msikitini kwa sababu ya kuharisha. Hilo analijua yeye peke yake, na akisema "sijambo" kipimo kinaandika sijambo.

Hapa ndipo napata kazi kubwa zaidi katika tafiti kama hizi, kuliko hesabu zote. Sipendi kumtajia mgonjwa wa namna hii methali ya mficha maradhi, kwa sababu mama hafichi. Ameulizwa hali na mgeni aliyevaa koti jeupe, akajibu kama alivyolelewa: sijambo, tunamshukuru Mungu. Vijana ninaowafundisha kuuliza maswali haya nawaambia salamu ziishe kwanza, ziishe kweli, hadi habari za shamba na wajukuu. Kisha useme, "Mama, salamu tumemaliza. Sasa nakuuliza kuhusu usiku wa jana." Majibu hubadilika palepale. "Nalala vizuri" inageuka kuwa "naamka mara nne."

Na kuna wewe, mdogo wangu, uliyekaa pembeni. Swali la 28 linauliza kama ugonjwa au matibabu yamemletea ugumu wa fedha. Anayelipa nauli ya kila siku kutoka Mbagala yuko hatua mbili kutoka kwake. Ulitegemea ajibu nini? Yale maswali ya CX24 yanauliza habari za uchafu wa ukeni, joto la ghafla la kukoma hedhi, na tendo la ndoa. Mbele ya mtoto wake wa kiume! Hata mimi, pamoja na miaka yangu yote ya uuguzi, ningejibu "hapana" moja baada ya nyingine ili yaishe. Kosa hilo si lako. Msaidizi wa utafiti ndiye alitakiwa kukuomba utoke.

Wako pia wagonjwa wasioona aibu yoyote ila mizani ya ndani yao imehama. Mtu aliyeumwa miezi minane huanza kuita "kidogo" kile ambacho zamani angekiita "sana". Dodoso haliwezi kulikamata hilo vizuri, nasi watafiti tunalihangaikia bado.

Je, umjibie? Hapana. Ndugu wengi humwona mgonjwa hali mbaya kuliko anavyojiona mwenyewe, hasa kwenye mambo ya moyo. Kwenye yanayoonekana kwa macho, kama kutembea au kutapika, mnakaribiana zaidi. Ila lipo dodoso jingine lenye nafasi yako halali: African POS, la chama cha Afrika cha tiba shufaa (tiba ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa), APCA, chenye makao Kampala. Lina maswali 10. Saba ni ya mgonjwa, likiwemo la kama ana amani, na matatu ni ya anayemuuguza: umepewa maelezo ya kutosha? una uhakika wa namna ya kumtunza? una wasiwasi kiasi gani? Majibu ni 0 hadi 5 na mgonjwa anaweza kuyatoa kwa mkono, ngumi ni sifuri, vidole vyote ni tano. Nimeona wazee waliogoma kabisa kuelewa "kiasi" wakinyoosha vidole vinne bila kufikiri mara mbili.

Sasa kinamsaidia nani. Nitakujibu kwa jambo ambalo bado linaniuma. Miaka ya nyuma, kabla sijaingia tiba shufaa, nilikuwa msaidizi wa utafiti katika mradi mmoja kama huu. Madodoso yakijazwa yalitiwa kwenye bahasha, bahasha kabatini. Miezi saba baadaye, nikiingiza takwimu kwenye kompyuta, nikakutana na mama mmoja ambaye alama yake ya maumivu ilikuwa 83, kisha 100, kisha 100. Fomu zote tatu zilikuwa na mwandiko wangu. Nilimuuliza, akaniambia kweli, nikaandika, nikafunga bahasha. Hakuna muuguzi wala daktari aliyeambiwa. Utafiti ule ulikuwa na vibali vyote.

Kumbe jibu likimfikia mtu wa kulifanyia kazi, mambo huwa mengine. Ethan Basch na wenzake, katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering huko New York, walifuatilia wagonjwa 766 waliokuwa kwenye tibakemia, yaani tiba ya dawa, kwa saratani iliyokwisha kusambaa. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Jingine liliripoti dalili 12 kwa kompyuta, na dalili ikizidi muuguzi aliletewa taarifa kwa barua pepe. Hawakupewa dawa mpya ya saratani. Baada ya miezi sita ubora wa maisha ulipanda kwa asilimia 34 ya walioripoti, dhidi ya asilimia 18 ya wengine. Matokeo ya 2017 yakaonyesha nusu ya walioripoti waliishi zaidi ya miezi 31, wakati kwa kundi la kawaida ilikuwa miezi 26. Jaribio lililofuata, la wagonjwa 1,191 katika vituo 52 vya Marekani, lilionyesha tena nafuu ya dalili na nguvu za mwili, na nafuu hiyo ndiyo ninayoweza kukuahidi kwa moyo mmoja kuliko hesabu ya miezi. Hapa kwetu pia, pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, palishajaribiwa programu ya simu iliyotumia maswali ya African POS ili mgonjwa aliye nyumbani afikiwe na timu yake.

Kwa mama yako jambo hili lina uharaka wake. Mionzi ya shingo ya kizazi, ya nje na ile ya ndani, inatakiwa ikamilike katika wiki nane. Mgonjwa asiyelala kwa maumivu, au anayeharisha hadi anaogopa kupanda daladala, huanza kuruka siku, na siku zilizorukwa zinapunguza nguvu ya tiba yenyewe. Usisubiri dodoso. Kesho kabla hajaingia kwenye mashine, mfuateni muuguzi wa kliniki mseme: anaumwa kiuno, usiku anaamka mara kadhaa, tangu tarehe fulani. Ombeni iandikwe kwenye faili na muulize kama kuna timu ya tiba shufaa hapo. Wakifikia kumpa mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, msiogope. Hospice Africa Uganda imekuwa ikiwapa wagonjwa mofini ya maji majumbani tangu 1993. Ikipimwa na kufuatiliwa na wauguzi haimfanyi mgonjwa wa saratani kuwa teja. Inafunga choo, kwa hiyo ombeni na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo.

Halafu mpigie yule mtafiti mkuu umuulize kwa adabu: mama akijibu kwamba anaumia sana, nani anaambiwa, na lini? Akikupa jina la muuguzi na siku, mama yuko mahali pazuri, aendelee kushiriki. Akikwambia takwimu zitachambuliwa mwisho wa mradi, mwombe aweke utaratibu wa kutoa taarifa kliniki. Kamati ya maadili nayo inapokea swali kama hilo, na namba yake iko kwenye fomu hiyohiyo.

Siku ya dodoso lijalo, usiku wake mwambie mama kwamba yule dada si mgeni wa kusalimiwa tu, na kwamba hata kuhusu nauli aseme ukweli, hutaumia. Asubuhi mfikishe mlangoni, umwambie, "Mama, mimi niko pale kwenye benchi," ukae huko hadi akuite.