Kuhesabu karata kupo kweli, ila sio kwenye simu yako

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 26, naendesha bodaboda hapa Mwanza. Kuna jamaa kwenye grupu letu la WhatsApp anauza kozi ya kuhesabu karata za blackjack, ule mchezo wa kasino wa kukaribia 21 bila kuizidi, elfu themanini, anasema ukishaijua unacheza kwenye simu na kampuni haikuwezi. Nina laki sita nilikuwa naweka ninunue pikipiki yangu, nimechoka kupeleka hesabu kwa bosi kila siku. Video zake nimeziangalia naona hesabu yenyewe inaeleweka kabisa. Niingie? Na je ni kosa kisheria?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usimpe hiyo elfu themanini, na laki sita iache hapo hapo ilipo, sasa nikueleze kwa nini.

Hesabu ni ya kweli, hapo hajakudanganya. Edward Thorp, mwalimu wa hesabu wa Marekani, aliitoa kwenye kitabu mwaka 1962 baada ya kuipigia mahesabu kwenye kompyuta ya IBM pale chuo kikuu cha MIT. Siku hizi wengi wanatumia njia rahisi zaidi: ikitoka karata ya 2 mpaka 6 unaongeza moja, 7 mpaka 9 unaacha, 10, jeki, kwini, kingi na ree unatoa moja, halafu jumla yako unaigawa kwa pakiti zilizobaki, yaani ukiwa na 6 na zimebaki pakiti tatu hesabu yako ni 2. Jumla ikipanda maana yake zilizobaki ni kubwa kubwa, na hizo zinakufaa wewe kwa sababu ukipewa ree na karata ya kumi mwanzoni, ndo blackjack yenyewe, unalipwa 3 kwa 2, na dila, yaani mgawa karata wa kasino, yeye akiwa na 16 lazima achukue nyingine hata kama hataki, sasa karata kubwa zikiwa nyingi ndo anapasuka, yaani anazidi 21 na kupoteza. Hapo ndo unapandisha dau.

Umeona inasimama kwenye nini? Karata iliyotoka hairudi mpaka zichangwe upya. Basi, siri yote ni hiyo. Sasa game nyingi za kwenye simu ni programu tu, kila mkono inachanga pakiti zote upya, karata uliyoiona sasa hivi dakika hiyo hiyo imesharudi ndani, kwa hiyo unahesabu nini mdogo wangu? Hata ukiwa na akili kama ya Thorp mwenyewe unaanza sifuri kila mkono. Huyo jamaa anakuuzia ufunguo wa kweli kabisa ila wa nyumba nyingine. Kasino zenyewe nyingi zimeshaweka mashine zinazochanga bila kusimama, au meza zinazolipa 6 kwa 5 badala ya 3 kwa 2, na hapo hata anayehesabu vizuri anaumia.

Kuhusu sheria, kule Marekani kuhesabu kwa kichwa sio kosa, ila jimbo la Nevada kasino inaweza kukwambia toka na usirudi, na ukitumia kifaa cha kukusaidia kuhesabu hapo ni jinai. Jimbo la New Jersey ni tofauti, mwaka 1982 Ken Uston, mhesabu karata maarufu, aliishinda kasino mahakamani na kasino zikaambiwa haziwezi kumfukuza mtu kwa kuhesabu tu.

Na hesabu ya pesa ndo inayoniuma zaidi nikiangalia laki sita yako. Anayehesabu bila kukosea, kwenye meza nzuri, faida yake ni kama asilimia moja hivi. Ukiweka elfu kumi ni wastani wa shilingi mia kwa mkono, mia tu, na hiyo mia inakuja baada ya mikono maelfu ya kupanda na kushuka. Na wanaohesabu wakiona karata nzuri wanapandisha dau hata mara nane, sasa nane ya elfu kumi ni elfu themanini, mikono saba minane ikienda vibaya mfululizo pikipiki imeisha, na wewe hujakosea kitu chochote. Ndo maana wale wanafunzi wa MIT waliokuwa wanahesabu karata walicheza kwa timu, na mtaji wa kuchangiwa na wawekezaji.

Muulize huyo jamaa mbele ya grupu zima: kwenye hiyo game karata zinachangwa saa ngapi? Akijibu niandikie tena.