Kuanza kumsoma Flaubert: pitia kwa Félicité

Dada wa Bukavu, unasema umeanza Madame Bovary, riwaya ya Mfaransa Flaubert, mara mbili na zote umekwama kabla ya ukurasa wa 50. Iweke pembeni kwanza. Chukua Un cœur simple, hadithi ya kwanza katika Trois contes ya mwaka 1877. Inapakuliwa bure, na ina sura tano tu. Soma moja kila jioni.

Inamhusu Félicité, mtumishi wa nyumbani anayelipwa faranga 100 kwa mwaka. Kila anayempenda anamponyoka, hadi anabaki na kasuku. Ukiikimbiza utaona vifo vinafuatana tu, na hapo wengi wanaiacha.

Sura ya kwanza imejaa vyombo vya nyumbani. Usifungue kamusi kwa kila kiti. Shika kreyo, uweke alama kila kitenzi kinapotoka imparfait (wakati uliopita wa mazoea) kuingia passé simple (wakati uliopita wa tendo lililotokea na kwisha). Hapo ndipo mazoea ya miaka yanakatika na jambo linatokea. Asiyeliona hilo anapotea njiani.

Sura ya tatu, tafadhali, isome kwa sauti. Victor, mpwa wa Félicité, yuko Havana. Bourais, mshauri wa bibi anayemwajiri, anamwonyesha Félicité kitone cheusi kwenye ramani, naye anaomba aonyeshwe nyumba anamokaa kijana. Bourais anainua mikono, anapiga chafya, anacheka sana. Flaubert hatuombi tumhurumie; kicheko kile kinatosha kabisa.

Kisha rudi kwa Madame Bovary. Ukifika kwenye maonyesho ya kilimo, sehemu ya pili, sura ya 8, punguza mwendo: mkono ni ule ule.