Re: Koki ya jeli ya milimita 2? Dogo usimwage hiyo kitu

Dogo acha. Usimwage kwanza. Umesema uko Uyole, Mbeya, unatengeneza chipu ya silikoni yenye kifereji cha milimita 2, unataka ukijaze kipande kimoja cha PNIPAM, ile jeli inayosinyaa ikipata joto, kiwe koki inayojifungua yenyewe maji yakipata moto, halafu unauliza kemikali zinapatikana wapi, pampu ipi nzuri na kama baridi ya huku itakusumbua. Hayo mengine baadaye, hapo kwenye milimita 2 ndipo hela yangu ilipoishia.

Na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Kuna bwana alikuja kutupa mafunzo, tai, laptop, slaidi za rangi rangi, nikamuuliza jeli iwe nene kiasi gani, akasema "weka kubwa, kubwa ndo ina nguvu". Jamani! Yule sidhani kama alishawahi kushika jeli zaidi ya ile ya kupaka kichwani, ila mtu akivaa tai unaanzaje kumbishia. Chupa nzima ya kemikali iliyoagizwa nje ikaishia humo.

Siku ya kuonesha, panel imekaa, mimi nimeazima drayer ya saluni Mwanjelwa napuliza chipu. Jeli ikawa nyeupe nje kama yai la kuchemsha, katikati bado angavu, na yale maji ya bluu niliyoweka upande mmoja hayajasogea hata nukta. Napuliza, nachekacheka, narudia kuelezea nadharia, mwenyekiti anaangalia saa. Wakaenda chai. Wako kwenye chapati ndo koki ikafunguka, bluu ikapita safiii, shahidi ni mlinzi peke yake, na mlinzi hatoi maksi.

Iko hivi, jeli inasinyaa pale tu maji yaliyomo yanapopenya kutoka, na watafiti Tanaka na Fillmore walishaonesha tangu 1979 kwamba muda wa jeli kuvimba unakwenda kwa mraba wa ukubwa wake, na kusinyaa hesabu ni hiyo hiyo. Toka 0.1 mm mpaka 2 mm ni mara 20, muda unakuwa mara 400, kwa hiyo iliyokuwa inachukua sekunde 10 inakula saa nzima na chenji. Tena PNIPAM ina ubaya wa ziada, ukiipasha ghafla ngozi ya nje inajikaza kwanza inafungia maji ndani, ndo ule weupe nilioupuliza mpaka drayer ikanuka.

Jeli iwe NYEMBAMBA. Mtafiti David Beebe na wenzake kwenye jarida la Nature mwaka 2000, ya kwao ilikuwa inaitikia pH (ukali wa asidi kwenye maji) sio joto ila ujanja ni ule ule, walisimamisha nguzo ndogo ndogo ndani ya kifereji, wakapitisha mchanganyiko ukiwa bado maji maji, wakamulika UV ikagandisha jeli kuzunguka nguzo tu, ambayo haijaganda wakaiosha ikatoka. Kila nguzo inavaa koti jembamba, makoti yakivimba mianya inaziba, yakisinyaa maji yanapita, suala la sekunde. Na nguzo ndo zinashikilia jeli isisombwe na maji, sasa ile "nguvu" ya bwana tai unene unaingiaje hapo??

Baridi isikutishe, PNIPAM inasinyaa kwenye nyuzi 32 hivi, Mbeya ya mwezi wa 6 koki yako itatulia imefunga mpaka uipashe mwenyewe, wa kulia ni watu wa Dar, mchana wa Februari inaweza kujifungulia. Ila maji yakiwa na chumvi hiyo 32 inashuka, kwa hiyo ijaribie kwenye maji yale yale utakayotumia. Vaa glavu, NIPAM, yaani ile kemikali mbichi ya kutengenezea PNIPAM, ikiwa haijaganda ni sumu.

Pampu na kemikali wadau wengine watakujibu. Wewe ukishachonga mold piga picha na rula pembeni utupie hapa, nisipoona nguzo nakufuata huko huko Uyole.