Jibu: «Overwhelmed» si kuchoka tu

Yaya, uliuliza kama «I am overwhelmed» ya Kiingereza ni sawa na kusema nimechoka. Hapana. Ukichoka unalala, asubuhi umepona. «Overwhelm» ni kuzidiwa, kulemewa na kitu kinachopita nguvu zako. Zamani kipande cha mwisho, «whelm», kilikuwa na maana ya kupindua, kama mtumbwi unaopinduliwa na mawimbi ya ziwa Kivu. Picha hiyo ndiyo ilinifanya nisilisahau.

Sisi wa Goma, mashariki mwa Kongo, tunalielewa haraka. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano Nyiragongo ilishuka mpaka katikati ya mji: mji ulizidiwa, na kitenzi hiki kinafaa hapo kabisa. Kinafaa hata kwa furaha, pale bibi arusi anaposhangiliwa mpaka machozi yanamtoka. «Débordé» yetu ya Kifaransa inatosha ukiwa na kazi nyingi. Kwa hisia haifiki mbali.

Ila angalia mwisho wa neno. «Overwhelming» ni ule mzigo, «overwhelmed» ni wewe uliyeubeba. Mimi niliwahi kumwandikia bosi «I am overwhelming», alicheka wiki nzima.