Lake Nona: mpira ukizama ziwani

Umeuliza kama unaweza kulipia tu na kucheza gofu Lake Nona, kule Orlando, Florida, na mpira ukizama unapoteza nini. Hapana, ni klabu ya wanachama, kwa hiyo tafuta mwanachama wa kukualika. Na inafaa kumtafuta: Kombe la Solheim (mashindano ya gofu ya wanawake kati ya timu za Ulaya na Marekani) la kwanza kabisa, 1990, lilichezwa hapo.

Mpira ukizama penye vigingi vyekundu, vinavyoonyesha mpaka wa eneo la adhabu kama ziwa, unaongezewa mkwaju 1, kisha unaangusha mpira ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka ulipovuka mpaka, bila kulisogelea shimo. Vya njano ni vikali zaidi, maana nafuu hiyo ya pembeni haipo, unarudi nyuma. Tafadhali usishindane na ziwa, lenga upande wa nyasi hata kama njia inarefuka.