Domeni haipatikani? Angalia kwanza kompyuta inamuuliza nani

Juzi kijana mmoja anayefuatilia maandishi yangu alinitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Nina kompyuta inagoma kuingia kwenye domeni. Inasema domeni kontrola haipatikani, lakini seva nikiipingi inajibu, na intaneti ipo safi kabisa. Nimefomati Windows, bado. Nibadilishe kadi ya mtandao?"

Marahaba, mdogo wangu. Kadi iache. Na kwa heshima zote, hukuwa na haja ya kufomati. Hiyo intaneti kuwa safi ndiyo inayonitia shaka.

Unapoandika jina la domeni (kundi la kompyuta na watumiaji wa ofisi linalosimamiwa na seva iitwayo domeni kontrola) na kubonyeza OK, Windows haiendi moja kwa moja kwenye seva, kwa sababu haijui iko wapi. Inaanza kwa kuuliza DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani: nani anahudumia domeni hii? Swali lenyewe ni la rekodi ya aina ya SRV, yaani ile inayotaja seva inayotoa huduma fulani. Kama domeni yako ni ofisi.lan, jina linaloulizwa ni _ldap._tcp.dc._msdcs.ofisi.lan. Jibu likija linataja jina la domeni kontrola, kisha jina hilo linatafutiwa anwani ya IP, na hapo ndipo kompyuta na seva zinaanza kuongea. Mambo yako hivyo tangu Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kuendesha domeni, ilipokuja na Windows 2000. Sasa kama kompyuta yako inauliza 8.8.8.8, yaani DNS ya umma ya Google, Google wataijuaje seva uliyoifungia kwenye chumba chako? Watakujibu, tena kwa haraka, kwamba jina hilo halipo. Tovuti zote zinafunguka, domeni haipo. Kupingi seva (kuitumia ishara ndogo kuona kama inajibu) kwa anwani yake ya IP hakuthibitishi lolote hapo, maana anwani umeitaja wewe mwenyewe. Hakuna aliyeulizwa jina.

Nina sababu ya kulisemea jambo hili kwa ukali. Nilipokuwa mdogo kuliko wote kwenye kitengo cha IT cha ofisi moja, tulipewa kazi ya kuingiza kompyuta mpya kwenye domeni. Za ghorofa ya chini ziliingia bila shida. Za juu zikawa na vituko: moja inaingia, ya pili inakataa, ya tatu inakataa asubuhi na kuingia mchana. Wakubwa wangu wakasema ni kebo. Kebo zikabadilishwa. Wakasema ni swichi. Swichi ikabadilishwa. Mimi nikasema tuangalie DNS, nikaambiwa DNS imeshaangaliwa, mtu ameendesha nslookup, amri ya kuuliza DNS, na jibu limekuja sawasawa.

Akaitwa mtaalamu kutoka nje, mtu wa tai na kompyuta ya bei. Akazunguka, akapingi, akatikisa kichwa, akatoa hukumu: Active Directory imeharibika, seva ijengwe upya. Kujenga upya! Watumiaji wote, paswedi zote, ruhusa za mafolda yote. Na wakubwa wakaanza kupanga tarehe.

Jioni wengine walipoondoka nilibaki ghorofa ya juu na kompyuta moja iliyogoma. Nikafanya kitu ambacho siku zote hizo hakuna aliyekifanya: nikabonyeza kitufe cha maelezo kwenye ule ujumbe wa kosa. Maelezo yale ni marefu, na yanaanza kwa kusema kwamba yamekusudiwa msimamizi wa mtandao. Nadhani ndiyo maana wasimamizi wa mtandao hawayasomi. Yalikuwa na namba ya kosa, 0x0000232B, yaani jina halipo kwenye DNS. Yalitaja rekodi ya SRV iliyotafutwa. Na chini yake yakaorodhesha anwani za DNS ambazo kompyuta inazitumia: ya kwanza ya domeni kontrola yetu, ya pili ya DNS ya umma huko nje.

Basi. Mtu aliyeandaa DHCP ya ghorofa ya juu (huduma inayozigawia kompyuta mipangilio ya mtandao) aliweka DNS ya pili "ya akiba", ili intaneti isikatike seva ikizima. Wengi wanaamini kwamba Windows humuuliza wa kwanza, akikosa jibu anaulizwa wa pili, na wa pili akikosa anarudiwa wa kwanza. Sivyo. DNS ya pili huulizwa pale ya kwanza inapochelewa au kunyamaza. Ikijibu "jina halipo", hilo ni jibu kamili, na Windows inaliamini bila kumuuliza mwingine. Tena inaweza kuendelea kumtumia huyo wa pili kwa muda hata kama wa kwanza ameshazinduka. Ndiyo maana kompyuta zile zilikuwa na tabia ya asubuhi na mchana: asubuhi watu wote wanawasha mashine, seva inaelemewa, majibu yanachelewa kidogo, wa pili anaulizwa.

Na nslookup iliyowadanganya wakubwa? Ile ina njia yake ya kuuliza. Haisomi faili ya hosts (orodha ya majina iliyo ndani ya kompyuta yenyewe) wala kashe ya DNS ya kompyuta, yaani majibu yaliyohifadhiwa. Inaweza kukupa jibu zuri wakati Windows yenyewe imeshikilia jibu baya, na kinyume chake. Mimi siku hizi nikitaka kujua Windows inaona nini, natumia amri ya nltest /dsgetdc:ofisi.lan, inayotafuta domeni kontrola, au Resolve-DnsName, inayouliza DNS, kwenye PowerShell. Nslookup naiacha kwa kazi moja, kuibana seva fulani ya DNS niliyoitaja mwenyewe: nslookup -type=srv, jina refu lile, kisha anwani ya seva.

Niliitoa DNS ya umma kwenye DHCP, nikaendesha ipconfig /renew kuomba mipangilio mipya na ipconfig /flushdns kufuta kashe, kompyuta ikaingia. Kesho yake zote zikaingia. Kwenye ripoti iliandikwa kwamba tatizo lilitatuliwa baada ya ushauri wa mtaalamu. Jina langu halimo. Miaka imepita na bado nikiikumbuka ripoti ile nakunja uso, nisiwafiche.

Tuendelee. Kwa hiyo jambo la kwanza ni ipconfig /all, amri inayoonyesha mipangilio yote ya mtandao, na la pili ni ipconfig /all tena, mara hii ukiisoma. Tazama mistari ya DNS. Kila anwani iliyopo pale iwe ya seva inayoijua domeni yako. Ukitaka ya akiba, iwe domeni kontrola ya pili. Mambo ya nje, kama tovuti, seva yako ya DNS ndiyo itayapeleka mbele kwa niaba ya kompyuta. Huko kwenye seva ndiko mahali pa kuiweka DNS ya umma. Na usitazame IPv4 tu. Ruta nyingi hujitangaza kuwa DNS kupitia IPv6, na mtu anaapa kwamba mipangilio yake ni sahihi huku swali linapita mlango ambao hakuutazama. VPN nayo huleta DNS yake.

Ikiwa kompyuta inamuuliza mtu sahihi na bado jina halipo, basi geukia seva. Rekodi zile za SRV huandikwa kwenye DNS na huduma ya Netlogon ya domeni kontrola yenyewe. Seva ikiwa imeelekezwa DNS ya nje kwenye kadi yake ya mtandao, inajaribu kujiandikisha kwa mgeni asiyeihusu. Irekebishe ijielekeze kwenye DNS ya ndani, hakikisha zoni (sehemu ya DNS inayoshika rekodi za domeni yako) inakubali rekodi kujiandika zenyewe, kisha washa Netlogon upya au tumia nltest /dsregdns. Orodha ya rekodi zinazotakiwa ipo kwenye seva, faili ya netlogon.dns ndani ya C:\Windows\System32\config.

Wakati mwingine maelezo ya kosa yanasema rekodi zimepatikana, lakini hakuna domeni kontrola iliyoweza kufikiwa. Hilo si tatizo lilelile, na wengi huchanganya. Hapo jina limejulikana ila anwani ni mbovu au njia imefungwa. Nimekuta seva iliyostaafishwa zamani rekodi zake bado zipo. Nimekuta seva yenye kadi mbili za mtandao, moja ya kazi na nyingine ya bakapu, na zote mbili zimejiandikisha kwenye DNS, kwa hiyo kompyuta inapewa anwani ambayo haiwezi kuifikia. Ukiona anwani ni sahihi, angalia fayawoli kama imefungua milango (port) 53, 88, 135, 389 na 445 kwa uchache.

Na andikeni jina zima la domeni, jamani. Ukiandika OFISI badala ya ofisi.lan, Windows inaweza kuishia kutafuta kwa njia za zamani za NetBIOS, yaani kupiga kelele kwenye mtandao uliopo karibu. Kelele hizo hazivuki ruta.

Nitasema tena maana sitachoka: soma ujumbe wa kosa. Kizazi hiki kinapiga picha nusu ya dirisha kwa simu, kinaituma kwenye kundi, kinasubiri mkombozi. Kufomati ni kufuta ushahidi. Hata usipobonyeza maelezo, Windows inaacha kumbukumbu kwenye C:\Windows\debug, faili ya netsetup.log, na mara nyingi dcdiag.txt pia. Humo imeandikwa ilitafuta nini na ikakwama wapi.

Kwa hiyo mdogo wangu, nitumie ipconfig /all nzima, matokeo ya nltest /dsgetdc na ile netsetup.log. Kadi ya mtandao usiinunue.