Nani aliyatengeneza macho ya Kamioka?

SWALI

Shikamoo Mama Fundi. Nipo kidato cha tano, mchepuo wa PCM. Mwalimu wetu wa fizikia alitusimulia kuwa huko Japani kuna tangi la maji chini ya mlima, limezungushiwa maelfu ya macho ya kioo ya kunasia chembe ziitwazo nyutrino. Nilipomweleza baba mdogo, ambaye ni fundi wa kuchomelea, akasema maprofesa hawatengenezi kitu, wanaagiza kiwandani kama sisi tunavyoagiza friji. Nilibisha ila sikuwa na hoja. Je, macho yale aliyatengeneza nani? Na kampuni inafaidi nini kwa mteja kama huyo?

Msomaji, Iringa

JIBU

Marahaba mwanangu. Msalimie sana baba yako mdogo, maana swali lake limenigusa. Macho hayo nimeyashika kwa mikono yangu. Sisemi yale ya Japani, nasema wadogo zao. Kwa miaka 19 nilikuwa fundi wa kamera ya gama katika hospitali moja, ile mashine inayopiga picha ya dawa yenye mionzi ikiwa tayari mwilini mwa mgonjwa. Ukifungua kichwa chake unakuta mirija ya kioo imepangwa kama sega la nyuki, kila mmoja na upana wa bilauri. Mmoja ukifa, picha inaingia doa, na daktari anaweza kudhani tezi ya mgonjwa ndiyo yenye kasoro. Doa moja la namna hiyo lilinikosesha usingizi wiki nzima.

Mrija huo huitwa fotomaltiplaya. Ndani hauna hewa. Upande wa mbele, kioo kimepakwa utando mwembamba sana. Chembe moja ya mwanga ikiugusa, elektroni moja inaweza kung'oka. Umeme wa volti nyingi unaivuta elektroni hiyo ikagonge kibati, zing'oke kadhaa. Hizo zinavutwa kwenye kibati cha pili, zinazidi kuongezeka, na hivyo hivyo hadi mwisho. Iliyoanza moja inafika milioni 10. Ndiyo maana mrija unaweza kuona mwanga ambao jicho lako haliwezi kuuona kamwe.

Sasa twende Kamioka, kwenye mgodi ulio chini ya mlima huo wa Japani. Mwaka 1979 Profesa Masatoshi Koshiba wa Chuo Kikuu cha Tokyo alitaka kuweka tangi la maji ndani ya mgodi ili aone kama protoni, chembe za kiini cha atomu, huvunjika na kutoa mwanga hafifu majini. Wamarekani nao walikuwa wanapanga lao kwenye mgodi wa chumvi kando ya ziwa Erie, kubwa kuliko lake, lenye mirija 2,048 ya inchi 5. Koshiba hakuwa na fedha za kushindana nao kwa ukubwa wa tangi. Akaamua kushindana kwa ukubwa wa jicho: mrija wa inchi 20, karibu nusu mita. Duniani hapakuwa na mrija wa namna hiyo, wala katalogi ya kuuagizia. Hapo baba mdogo aniazime sikio.

Koshiba alimwendea Teruo Hiruma, mkuu wa Hamamatsu, kampuni ya kutengeneza mirija hiyo, katika mji wenye jina hilo hilo. Hiruma alisita, na ninamwelewa. Kioo kikubwa kisicho na hewa ndani, halafu ukizamishe majini! Elektroni zinazong'oka pembeni mwa bakuli kubwa kama lile lazima zifike kwenye kibati cha kwanza karibu wakati mmoja na zile za katikati, tena bila kupotoshwa na usumaku wa dunia. Inasimuliwa kwamba katika kubembelezana kule Koshiba aligundua kuwa amemzidi Hiruma umri kwa siku moja tu, wote wa Septemba 1926, akamwambia basi mdogo amsikilize kaka yake. Nami nikisoma kisa hiki huwaona wazee wetu kabisa.

Hiruma alikubali, lakini chuo hakikukaa kusubiri mzigo. Watu wa Koshiba walifanya kazi bega kwa bega na wahandisi wa kampuni, wakichora njia za elektroni na kupima mirija. Kioo chenyewe kilipulizwa kwa pumzi ya mafundi. Narudia, kwa pumzi, hata cha mirija ya Super-Kamiokande, tangi kubwa zaidi lililofuata. Mwambie baba mdogo kwamba Tuzo ya Nobel ilipita kwenye mapafu ya mafundi wenzake.

Kamiokande, ndilo tangi hilo la Koshiba, la tani 3,000 lenye mirija takribani 1,000, lilianza mwaka 1983. Protoni iliyovunjika haikuonekana. Lakini tarehe 23 Februari 1987, Koshiba akibakiza mwezi mmoja tu kustaafu, nyutrino za nyota iliyolipuka nje ya galaksi yetu zilifika, na tangi likanasa mwanga wa 11 kati yake. Nobel ilimfikia mwaka 2002.

Swali lako la faida halina jibu la haraka. Kwa bei aliyobana Koshiba, Hamamatsu iliuza kwa hasara. Ilichobaki nacho ni ujuzi. Ulipofika wakati wa Super-Kamiokande, tangi la tani 50,000 lililoanza mwaka 1996, mrija ulikuwa umesukwa upya ndani, ukawa unatambua vizuri hata elektroni moja. Baadaye mirija 5,160 iliyozamishwa kwenye barafu ya Ncha ya Kusini katika kigunduzi cha IceCube ilitoka kampuni hiyo hiyo. Mirija ya Hamamatsu imo pia kwenye mashine za hospitali, na humo ndimo mimi nilimokutana nayo.

Ila ushirikiano usiupime siku za sherehe. Mimi naupima kwa tarehe 12 Novemba 2001. Tangi la Super-Kamiokande lilikuwa linajazwa maji tena baada ya matengenezo. Mrija mmoja wa chini ukapasuka. Maji yalikimbilia ile nafasi tupu, yakatoa mshindo uliovunja majirani, nao wakavunja majirani zao. Ilipotulia, mirija kama 6,600 kati ya 11,146 ilikuwa vigae. Kwenye kina cha mita 40 kila jicho hubeba mgandamizo wa karibu tani 10, kwa hiyo usishangae. Kesho yake mkuu wa mradi, Yoji Totsuka, alitangaza kwamba watajenga upya.

Hawakugawana lawama wakaachana. Waliubunia mrija vazi: akriliki mbele, plastiki yenye nyuzi za kioo nyuma, na matundu madogo ili jicho likipasuka maji yaingie taratibu, mshindo usitoke nje. Iliyosalia ilitandazwa upya, kazi ikaendelea mwaka uliofuata. Kufikia 2006 macho yalikuwa yametimia tena. Sasa wanajenga Hyper-Kamiokande, ya mirija mipya takribani 20,000 ya upana ule ule, ambayo uwezo wake wa kunasa mwanga ni kama mara mbili ya ile ya zamani.

Kwa hiyo mwanangu, ubishi ule umeshinda wewe, ila baba mdogo naye ana nusu yake: profesa peke yake asingetengeneza jicho lile. Siku ukibahatika kuwepo fundi anapofungua kichwa cha kamera ya gama, omba uutazame mrija kwa karibu. Lakini hakikisha kwanza umeme wake umezimwa. Mrija wenye umeme ukipigwa na mwanga wa taa ya chumbani unaweza kuungua papo hapo, na mimi nilishasubiri miezi minne kupata mwingine.